Mkono wa Kushoto Haupandi

Utotoni mwangu kule Ushetu, mbegu haikushikwa na kila mtu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeigawa. Yeye alitangulia na jembe akichimba vishimo, sisi wajukuu tulifuata na vibuyu, tukidondosha karanga na kufukia kwa mguu.

Mimi hutumia mkono wa kushoto. Msimu niliopewa kibuyu kwa mara ya kwanza, Bibi alisimama akautazama mkono wangu.

"Huo unazika, ng'wana wane, mwanangu. Haupandi."

Nikajaribu wa kulia, karanga zikamwagika. Mama akaniombea: "Mwache tu, mama, mvua hiyo inakuja."

Nikapanda kwa wa kushoto. Mvua ikanyesha. Mistari ya wenzangu ikachipua vizuri. Wangu, wa pembeni karibu na kichuguu, ulikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Kwetu kuna kazi inaitwa kurudishia, yaani kupanda tena pale mbegu isipoota. Kila shamba hurudishiwa, haijawahi kuwa aibu ya mtu. Ila siku ile majirani waliokuja kutusaidia walijikuta wote wameinama kwenye mstari mmoja.

"Huu kapanda nani?" mmoja akauliza.

Bibi hakunitaja. Aliniangalia tu, nao wakaangalia alikoangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Nikauficha mkono nyuma ya gauni.

Tangu hapo, wenzangu wakibeba vibuyu, mimi nilibeba ndoo ya maji ya kunywa. Nilikuwa mtu mzima nilipowaona kindi wa kichuguu kilekile wakifukua karanga tulizopanda jana yake. Nilicheka peke yangu, nikadhani yameisha.

Mwaka huu nimelilima tena shamba lile. Bibi alishafariki. Binti yangu Kabula akachukua kibuyu, akaanza kudondosha kwa mkono wa kushoto, upesi, wala hakosei kishimo. Sijui nini kilinipata. Nilishtukia nimemshika mkono, nazihamishia karanga kwenye ule wa kulia.

"Mama, kwani huu una nini?"

Miaka yote nimemnung'unikia Bibi, kumbe Bibi ndiye mimi. Uso uliniwaka kwa aibu kuliko siku ile ya majirani. Nikamwambia, "Hauna kitu, mwanangu. Panda unavyopenda."

Lakini Kabula alikuwa ameshaendelea na mstari, polepole, karanga zikimponyoka mkono wa kulia. Ule wa kushoto alikuwa ameuficha nyuma ya gauni.