Injini Iliyozimika Kila Asubuhi

Harufu ya esanse, ndivyo tunavyoiita petroli hapa Goma, bado hunisimamisha nikasikiliza. Wengine wakiinusa huwaza safari. Mimi huwaza sombe, kwa sababu katika kiwanja chetu cha Kyeshero vitu hivyo viwili viliishi pamoja: mama alitwanga majani ya muhogo kwenye mlango wa jikoni, na hatua chache chini yake yaya Paluku, kaka yangu mkubwa, aliosha kabureta ndani ya sufuria aliyoiiba kwa mama huyohuyo. Kuna siku tulikula sombe yenye ladha ya barabara kuu. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na tayari nilikuwa mtu wa nyumbani aliyekamilika. Wenzangu walikimbilia ziwani kuogelea. Mimi nilibaki kulinda kiti kisiibiwe. Sekondari nimeimaliza kwa sababu shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ingekuwa mbali kidogo zaidi, labda haya mngesimuliwa na mtu mwingine.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la zamani, la enzi ambapo injini ilinyonya hewa na esanse kupitia kabureta, na mtu mwenye bisibisi ndiye aliyeamua kiasi cha kila kimoja. Paluku alikuwa amelivua viti vya nyuma, zulia, hata mlango wa buti, ili liwe jepesi. Alikuwa analiandaa kwa mashindano ya Siku ya Mungu, baada ya misa, kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Kibati: magari mawili yanasimama sambamba, kitenge kinashushwa, anayefika kwanza kwenye magunia ya makaa ameshinda. Mfanyabiashara mmoja wa maharagwe aliahidi kwamba mshindi angepewa usukani wa gari lake la kwenda Rutshuru. Kwa Paluku, hiyo ingekuwa kazi ya kwanza ya kweli maishani mwake. Kwa mama ilikuwa hukumu. Baba alipita barabara hiyohiyo ya Rutshuru juu ya lori la mzigo. Lori lilirudi, yeye hakurudi. Basi katika nyumba moja, mtu mmoja aliomba injini iwake na mwingine akaomba izimike, na wote wawili walipiga magoti kwenye benchi moja kanisani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo pana la mawe meusi, lililoachwa na lava ya zamani, lenye mteremko upande mmoja. Paluku aliliezeka kwa mabati makuukuu akaliita garaji. Alilipenda kwa sababu upepo haukufika humo wala vumbi la mlima wa moto, na vumbi ni adui wa kabureta. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, alitangaza kimya. "Mama, simamisha kwanza iyo kinu, nasikiliza injini!" Mama alibaki na mchi hewani. Redio ilizimwa, kuku walifukuzwa, mtoto wa jirani alipewa kipande cha muwa ili asilie. Tulitulia kama padri ameinua hostia. Paluku alizungusha visi, ile skrubu ndogo ya kabureta, taratibu, akitafuta ralanti nzuri, ile sauti ya injini inayopumzika bila kukanyagwa. Mimi nilisikilizia jikoni, sikio ukutani, nikajua kila kikohozi chake. Ilishuka, ikashuka, kama mtu anayesahau alichotaka kusema, halafu ikazimika. Hapo ndipo kimya kilipopasuka kwa matusi: kwanza ya Kiswahili, kisha ya Kinande, kisha ya Kilingala, na moyo ukimuuma kabisa, ya Kifaransa, lugha ya shule iliyomfukuza. "Paluku! Iyo kinywa yako itakupeleka ku moto!" mama alifoka. Kisha aligeukia kinu chake na kunong'ona, "Asante, Bwana."

Kilichomchanganya Paluku ni mchana. Jua likishapanda, gari lilelile likisukumwa mpaka barabarani, liliwaka bila mabishano. Lakini kwa kuwa asubuhi alikuwa amefungua kabureta ipate hewa nyingi zaidi, sasa ilikuwa nyingi kupita kiasi. Injini ilitema na kurukaruka kama mbuzi aliyemeza pilipili. Akairudisha. Kesho yake, shimoni, ikazimika tena. Alibadilisha bugi ya kuwashia cheche, akabadilisha nyaya, akabadilisha jikleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu linalopima esanse. Hamisi, kijana wa familia ya Kiislamu kutoka Maniema, ambaye ndiye angeshindana naye, alikuwa anapita kila siku kumchokoza. "Gari yako iko na haya, Paluku. Inje inasema, nyumbani inanyamaza. Sawa na huyu mudogo wako," akaninyooshea kidole. Alinionea, mimi hata nje nilinyamaza. Siku moja alirusha kipisi cha sigara shimoni, kikiwa bado kinawaka. Paluku aliruka, "Weye mujinga, unataka kutuchoma?" Lakini kipisi kilikuwa kimezimika hata kabla hakijatulia chini. "Unaona?" Hamisi akacheka. "Kwako hata sigara inakufa." Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi, nikiwa na ufagio mkononi, kwa maana kazi yangu pekee katika garaji lile ilikuwa kufagia: panzi, mijusi, na mara moja shomoro, wote wakavu, wote miguu juu. Tulisema ni harufu ya esanse.

Goma nzima inajua mazuku. Ni pumzi ya mlima inayotoka kwenye nyufa za mawe. Haina rangi, haina harufu, inazima moto na uhai, inalala mashimoni kama maji, na jua likipanda upepo huifagia. Lakini sisi tulikuwa watu wa Butembo, watu wa vilima vya udongo mwekundu, na kwetu mazuku ilikuwa hadithi ya kando ya ziwa, ya kutishia watoto wasiende kuoga. Methali inasema sikio la kufa halisikii dawa. La kaka yangu lilisikia. Lilisikia kila asubuhi, tena katikati ya kimya tulichomtengenezea kwa heshima zote. Kabureta haikuwa na kosa. Injini ilikuwa inakosa hewa, na ilikuwa inasema hivyo kwa lugha pekee iliyoijua.

Asubuhi ya Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Paluku aliomba kimya. Mama akasimamisha mchi. Nilisikia injini ikiwaka, ikishuka, ikizimika haraka kuliko siku zote. Nilisikia pia kitu kidogo kikigonga jiwe, ting, na Paluku akisema, "Jikleri yangu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeangusha kifungo. Nikamsikia akiinama. Baada ya hapo tuliyangoja matusi. Mama alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kumkemea. Aliishika kifuani, mchi bado uko hewani, akanitazama.

"Mbona hatukani?" akaniuliza.

Alitupa mchi akakimbia. Nilipofika, alikuwa kwenye ukingo wa shimo. Paluku alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu la mbele, paji la uso limeegemea mpira, mkono umenyooka chini kama bado anapapasa. Mtu asiyejua angesema anasali, jambo ambalo Paluku hakuwahi kulifanya bila kulazimishwa. Mama alianza kuteremka. Aliyemkamata kitenge kwa nyuma ni Hamisi, aliyekuwa amekuja na utani wake wa siku ile mdomoni. "Mama, hapana! Mazuku! Mukishuka tutawatoa wawili!" Mama alimpiga makofi, na Hamisi alimshika vilevile. Kisha alichukua kamba ya kuvutia magari, akarusha kitanzi mara kadhaa mpaka kikashika bega, tukavuta wote watatu. Paluku alikuja juu akiwa bado ana joto. Tulimpepea kwa bati. Tulimwita kwa majina yake yote. Hamisi alimtukana, kwa makusudi, matusi mabaya kabisa, akidhani labda atajibu.

Hakujibu. Siku ya Mungu hapakuwa na mashindano. Shimo lilijazwa mawe, na ile jikleri imo humo mpaka leo. Hamisi ndiye aliyepewa usukani wa Rutshuru, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Barabara ile aliyoiogopa mama, Hamisi ameipita miaka yote hii, katikati ya vizuizi na bunduki, na kila mara anarudi na mvi moja zaidi na gunia la viazi la mama. Mama huvipokea na kuvimenya. Tangu siku ile sijamsikia akishukuru kwa sababu kitu kimeharibika.

Lava nyingine imekuja baadaye ikakata barabara ya Kibati, ikapoa. Magari ya sasa yanajipimia hewa yenyewe kwa kompyuta. Hakuna anayeomba kimya. Mimi nimebaki hapahapa nyumbani, wananicheka kwamba hata kifo kitanikuta nimekaa. Najua. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla watoto hawajashusha miguu kitandani, nazungusha mshumaa unaowaka chini sakafuni, kona kwa kona, nione kama utazimika, mtu mzima anayetambaa na mshumaa kama anatafuta sarafu. Jirani anadhani ni dini mpya.

Juzi mwanangu alikuwa kiwanjani na pikipiki ya kuazima iliyokataa kuwaka. Alipiga teke, akapiga tena, kisha akafungua mdomo, na matusi yaliyotoka yalikuwa ya ukoo kabisa, kwa mpangilio uleule: Kiswahili, Kinande, Kilingala. Nilisimama, nikavuta pumzi nimwambie habari za kinywa na moto. Mama, mlangoni mwa jikoni, alisimamisha mchi hewani. Macho alikuwa ameyafumba.

"Muache," akasema. "Amalize kwanza."

Tukangoja, mimi na yeye, mpaka mtoto alipofika kwenye Kifaransa. Ndipo mama akaanza tena kutwanga.