Mama, Dagaa na Mkoba wa Ulaya

Kazi yangu ni kukata tiketi katika kituo cha mabasi cha Nyegezi, hapa Mwanza. Mtu akikaa dirishani miaka mingi kama nilivyokaa mimi, huzoea kuona mikono ya watu kabla ya nyuso zao, na kwa wanawake, pamoja na mkono huja mkoba. Zamani ilikuwa vigumu kuona mikoba miwili inayofanana. Kulikuwa na ya mitumba iliyong'arishwa kwa kiwi, kulikuwa na ya kitambaa iliyogawiwa kwenye semina za akina mama wa kanisa, na kulikuwa na ile myeusi ya ngozi ambayo mwenyewe alinunuliwa na mumewe alipojifungua mtoto wa kwanza, akaitunza mpaka mtoto akaanza kusafiri peke yake.

Miaka hii ya karibuni mambo yamebadilika. Mwanamke mmoja maarufu wa mtandaoni huko Dar es Salaam akionekana na mkoba fulani, hazipiti siku nyingi wasafiri wangu nao wanao, rangi ile ile, kufuli lile lile, mingi ikiwa feki. Akiuacha, nao wanauacha. Sijui ile ya kwanza huwa inakwenda wapi.

Ningeyatazama hayo kama mambo ya wasafiri tu, kama mdogo wangu asingekuwa mmoja wa hao wanaowaonyesha watu cha kutamani.

Alianza na kibanda cha mikoba katikati ya mji. Alikuwa na ulimi mtamu na alipendeza kwenye picha, basi akaanza kujirekodi akiwa na bidhaa zake: leo amesimama ufukweni na mawe makubwa nyuma yake, kesho anashuka kwenye gari la rafiki yake kama vile ni lake. Wafuasi wakaongezeka. Tulikuwa tunaishi pamoja Buswelu, na ikafika mahali akawa hawezi kwenda kununua nyanya bila mtu kumwomba wapige picha. Hapo ndipo mama mmoja mwenye duka Dar, anayeuza mikoba halisi kutoka Ulaya, akamtumia mmoja awe anautangaza. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, ngozi laini kama sikio la ndama, na bei yake sikuiamini nilipotajiwa.

Nilimuuliza mdogo wangu nani Mwanza atanunua kitu kama kile. Akanicheka. "Pochi ikiwa dukani ni pochi tu, dada," akaniambia. "Mpaka ionekane kwa mtu."

Mtu aliyemchagua alikuwa mama yetu.

Mama alikuwa mjane na aliishi kijiji cha ng'ambo, mbele kidogo ya Busisi, kando ya ziwa. Alikuwa ananunua dagaa kwenye mitumbwi alfajiri, anawaanika, kisha anawauzia wafanyabiashara wa mjini. Daraja la kuvukia ziwa lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo tulivuka Kigongo kwa kivuko, mdogo wangu amepakata boksi la mkoba kama mtoto mchanga. Tulimkuta mama ameinama kwenye wavu wa kuanikia. Mdogo wangu akamwambia anawe mikono, avae kitenge kizuri, akae kwenye kigoda mlangoni. Simu akaiegemeza kwenye ndoo.

Mama alipoutoa mkoba kwenye boksi hakuutazama kwanza. Aliufungua, akaingiza pua yake ndani, akanusa kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa mfugaji, na yeye alikulia kwenye ng'ombe kabla ya kuolewa huku ziwani.

"Unanukia nyumbani kwa baba," alisema. Kisha akamshika mdogo wangu mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana."

Alilia, na mdogo wangu naye akalia. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu wengi waliandika kwamba yalikuwa ya kuigiza, na mimi nilikuwepo.

Video ile ilisambaa. Wanawake waliandika kwamba nao wangependa kumfanyia mama yao hivyo, na yule mwenye duka wa Dar akapiga simu kwa furaha kusema mikoba ya aina ile inaulizwa kila siku. Hata dirishani kwangu nilianza kuiona, ya feki, kila rangi.

Baada ya muda mdogo wangu alivuka tena kwenda kumsalimia mama. Alimkuta anatoka nyumbani, amevaa vizuri, mkoba umemning'inia mkononi, na mkoba umejaa dagaa wakavu mpaka haufungiki. Mdogo wangu akachomoa simu huku anacheka.

"Mama, pochi ya bei hiyo unatia dagaa?"

"Sasa mfuko mzuri hivi nitie nini," mama akajibu bila kusimama, "hewa?"

Video hiyo ndiyo iliyomfanya mama ajulikane nchi nzima. Watu walimwita Mama Dagaa. Abiria wangu walikuwa wakiambiana maneno yale kwenye foleni, nitie nini, hewa, wakicheka, wasijue kwamba aliyeyasema amenizaa mimi niliyekaa upande wa pili wa kioo. Sikuchukia. Kwa kweli nilijisikia vizuri, kwa sababu kicheko cha siku zile kilikuwa cha kumpenda. Na mikoba ilizidi kununuliwa. Ilikuwa kama vile watu waliona kwamba kitu cha kifahari kimeshuka chini kidogo, nao wanaweza kukifikia.

Mdogo wangu akawa anavuka karibu kila wiki na mkoba mwingine. Mama aliambiwa atie mihogo, akatia. Aliambiwa atie kuku, akamtia, na kuku akatoa kichwa nje akitazama huku na huku. Mikoba hiyo mdogo wangu alirudi nayo. Ule wa kwanza tu ndio uliobaki kwa mama. Mama hakuuliza picha zinakwenda wapi. Alikuwa anajua kwamba mwanawe ana biashara na biashara inataka msaada, basi akasaidia, kama ambavyo angepalilia shamba lake.

Kisha mwanamke mwingine wa Dar, maarufu kuliko wote, akaamua kumwigiza mama. Alivaa kitenge alichokifunga vibaya makusudi, akavaa mabuti ya mpira, akazungumza kwa kubadilisha r na l, akamimina dagaa kwenye mkoba kama ule ule, halafu akaziba pua. Video yenyewe haikufika hata dakika mbili. Lakini baada yake, kile kicheko kiligeuka.

Sikuwahi kuona kitu kikiporomoka upesi namna ile. Mkoba ambao wanawake walikuwa wakiutamani ukaitwa pochi ya dagaa. Asubuhi moja alikuja dirishani dada mmoja anayekwenda Dodoma, amebeba ule ule, na nilipoutazama akaufunika haraka kwa mtandio wake. Mwenye duka akampigia mdogo wangu akiwa mkali, akamwambia azifute video zote za mama, kwa kuwa kitu cha thamani hakitakiwi kuchekwa. Mdogo wangu hakuzifuta. Ndizo zilizokuwa zinamletea wafuasi, na alinieleza kwamba upepo ule utapita.

Mama hakujua lolote kati ya hayo. Simu yake ilikuwa ya kitochi, isiyoonyesha video.

Mwaka ule mtoto wa binamu yetu aliolewa, na sherehe ikafanyika ukumbini mjini. Mama alivuka kuja. Alikuwa amesuka nywele, amevaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, na kwenye mkono wake wa kushoto alining'iniza mkoba wa Ulaya. Nilipomwona anaingia niliinuka nimwahi, lakini tayari alikuwa katikati ya watu.

Wasichana wa meza ya jirani walimtambua. Mmoja aliinuka, akaja, akapiga goti kwa adabu kabisa, akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba. Wenzake walikuwa wameshainua simu.

"Mama, leo dagaa umewaacha wapi?"

Mama alidhani ni mteja. Akatabasamu, akamwambia leo hakuja nao kwa sababu ya sherehe, lakini kama anataka wazuri, wasio na mchanga, aache namba kwa binti yake na yeye atamtumia. Meza nzima ikaangua kicheko. Mama naye akacheka kidogo, kwa kuwa wengine wanacheka, kisha nikamwona anatazama nyuso zile moja moja na tabasamu likimwisha polepole. Mkoba akautoa mkononi, akauweka miguuni, chini ya kiti.

Tuliporudi Buswelu jioni hiyo mdogo wangu alikuwa bado amebaki ukumbini. Mama alikaa kitandani kwangu akaniomba nimwonyeshe. Nilijifanya sielewi. Akasema, "Hicho wanachokitazama wenzako. Nionyeshe na mimi."

Nikamwonyesha. Zake mwenyewe hakuzijali sana, ila ya yule mwanamke wa Dar aliitazama mara mbili, simu ameishika mbali na macho.

"Huyu ni mimi?"

"Anakuigiza, mama."

"Mimi nazungumza hivyo?"

Alinirudishia simu, akaanza kuvua hereni zake. Baadaye akaniambia kwamba siku ile, ile ya dagaa, alikuwa anapeleka msibani. Jirani yake alikuwa amefiwa na mume, na watu wa kulisha walikuwa wengi. Hakutaka kuingia kwenye nyumba ya msiba na ndoo yenye magamba. Aliwaza atie kwenye kitu gani kinachofaa, akaona kizuri alichonacho ndani ya nyumba ni kile alichopewa na mwanawe.

Asubuhi alitaka kuondoka mapema. Mkoba aliuacha kitandani, ameufuta kwa kitambaa chenye maji, akaniambia nimpe mwenyewe. Nilimpa mdogo wangu, naye akauchukua bila kuuliza. Nafikiri alielewa.

Hawakugombana. Mama hakuwa mtu wa kugombana. Ila tangu hapo mdogo wangu akienda kijijini na kutoa simu, mama alikumbuka kitu ndani, akaingia, akakaa huko mpaka simu irudi mfukoni. Hata mimi nilipotaka kumpiga picha siku mwanangu alipopata kipaimara, aliweka kiganja mbele ya uso wake, kwa upole, kama mtu anayejikinga na jua.

Kiharusi kilimpata wakati wa mvua, akiwa anawakusanya dagaa wasilowe. Majirani walimvusha mpaka hospitali hapa Mwanza. Wakati huo daraja lilikuwa limeshaanza kutumika, na watu walisema ni bahati, kwa sababu kivuko kingemchelewesha. Aliishi wiki chache.

Mdogo wangu ndiye aliyemuuguza. Mimi nilikwenda na kurudi kazini, lakini yeye alihamia pale, akalala sakafuni kwenye mkeka chini ya kitanda, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Simu aliizima akanipa nimtunzie. Mama alikuwa anaweza kuzungumza kidogo, upande mmoja wa mdomo. Alizungumza habari za mvua, akauliza kama wavu wake umeingizwa ndani. Siku nyingine alimwambia mdogo wangu amfumue nywele maana zinamvuta, na mdogo wangu akazifumua mchana kutwa, msuko mmoja mmoja. Habari ya mkoba haikutajwa hata mara moja.

Alipofariki tulihitaji picha ya kuweka mbele ya jeneza. Ndipo tulipogundua kwamba picha zote nzuri za mama, zile alizocheka macho yakang'aa, zilipigwa na mdogo wangu, na katika kila moja amebeba mkoba. Za zamani alikuwa kijana mno, watu wasingemtambua. Tulichagua ya siku ile ya kwanza mlangoni, amekaa kwenye kigoda. Kijana wa studio alitusikiliza, akaufuta mkoba kwenye kompyuta, akajaza pale rangi ya kitenge. Alifanya kazi nzuri. Lakini mkono hakuweza kuubadilisha. Kwenye picha iliyotangulia mbele ya jeneza, mkono wa mama umekunjwa kiwikoni, umebeba kitu ambacho hakipo, na waombolezaji waliopita walikuwa wanautazama.

Mdogo wangu alitangaza msiba kwenye ukurasa wake kwa maneno machache. Pole zilikuja nyingi kuliko tulivyoweza kusoma. Katikati yake mtu aliuliza kama Mama Dagaa atazikwa na pochi yake, na chini yake wengine wakaweka alama za kucheka. Mdogo wangu alisoma, akanipa simu nisome, akaichukua tena, akaufunga ukurasa wote, picha na video na kila kitu kilichokuwemo. Hakuufungua tena. Siku hizi anauza mabegi ya shule kwenye kibanda kile kile, na mteja akimuuliza kama ni yeye yule, husema amefanana naye.

Siku ya kuanua matanga tulikaa chumbani kwa mama tukikunja nguo zake ili shangazi awagawie ndugu. Mdogo wangu alifika kwenye lile gauni la kitenge ambalo mama alivaa harusini, akalilaza mapajani.

"Angenisema, dada," alisema. "Angenisema tu, hata mara moja."

Nilimwambia mama hakuwa na tabia hiyo.

"Najua. Nilikuwa namfumua nywele nasubiri aseme. Nikawa navuta polepole ili nisimalize."

Niliweka chini kitenge nilichokishika, nikamsogelea. Alikuwa ameliinamia lile gauni akilia, na nje shangazi alikuwa anatuita, anasema watu wameshakaa wanatusubiri.