Laini ya Kumpata Mjomba

Mwenzenu nilikuwa naposwa. Naanza na hilo kwa sababu hata leo nikilitamka nasikia kucheka, na sioni kwa nini nijizuie. Nilikuwa nimeshapita ile miaka ambayo mashangazi huuliza kwa upole. Wangu walikuwa wanauliza kwa kelele. Halafu fundi mmoja wa kuchomelea mageti, mtu wa Nachingwea, akaja Ruangwa kufunga geti la duka lililopakana na cherehani yangu. Akalifunga. Kesho yake akarudi kulikaza. Wiki iliyofuata akarudi kulitia mafuta. Geti lile halikuwa na kasoro yoyote, jamani, na mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Kwetu, vijiji vya huku Nkowe, neno la kumwoza binti ni la mjomba, kaka wa mama. Wengine wote mtapika, mtapokea wageni, mtatandika mikeka, lakini wageni wakishasema kilichowaleta, macho yote yanamgeukia mjomba. Asiposema, posa haijajibiwa, na posa isiyojibiwa huondoka na wageni wake. Mimi mjomba ninaye mmoja tu, anakaa Chinongwe. Na mjomba huyo kila mwaka akishauza korosho zake huvuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zetu wa Msumbiji, akifika huko anasahau kurudi. Wazee wa Nachingwea wakaleta siku yao, na siku yenyewe ikaangukia wakati ambao mjomba atakuwa ameshavuka.

Kuahirisha? Weee! Mimi, kwa umri ule, niahirishe? Nikapanda bodaboda mpaka Chinongwe kabla hajaondoka, nikamweleza mjomba huku nimeinamisha kichwa, adabu zote. Akacheka. "Wageni wasirudishwe," akasema. "Nitawajibu kwa simu. Wewe tafuta laini itakayonifikia huko niliko, na huko kwa mama yako ishike vizuri."

Alisema kama mtu anayemtuma mtoto chumvi dukani. Kumbe nyumba ya mama iko bondeni, na sisi tunazungukwa na minara mitatu ambayo hakuna hata mmoja unaotupenda. Watu wa kwetu huziita laini kwa minara yake: ya mlimani, ya shuleni na ya mnadani. Ukiuliza ipi nzuri, majirani watagombana kama mashabiki wa mpira, na kila mmoja ataitetea ile aliyoizoea hata kama hajapokea simu tangu juzi. Nikaona nisimsikilize mtu. Nikaazima simu za laini zote tatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza kuzunguka uwanja wa mama nikiita haloo, haloo.

Wa kupokea kule Nachingwea alikuwa fundi wangu. "Unanisikia?" "Nakusikia." "Na hapa?" "Hapo nakusikia vizuri zaidi. Hebu kaa hapohapo." Tulipima mtandao ule kwa bidii, haki ya Mungu. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni, akaniuliza kama na kucheka nako ni kupima.

Laini ya mnadani ilinifurahisha mwanzo, maana ilishika mpaka chumbani, hata ukiwa umelala. Lakini dada mmoja anayeuza laini chini ya mwavuli pale Ruangwa mjini akanikata maini. Romingi ya laini ile, yaani kuitumia ukiwa nje ya nchi, alisema, ni ya wenye mikataba wanaolipa mwisho wa mwezi. Sisi wa kukwangua vocha safari yetu inaishia mpakani. Nikaenda ya mlimani. Hiyo romingi yake mpaka nchi nisizozijua, ila kwa mama ilishika sehemu moja tu: bafuni. Ndani kabisa, pale kwenye mawe, karibu na ndoo. Nikawawazia wale wazee wa Nachingwea, na kanzu zao zilizopigwa pasi, wamepanga mstari kuingia kwenye ua wa makuti mmoja mmoja kusikia jibu la mjomba. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ikabaki ya shuleni. Hiyo ilishika juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Ukiwa kileleni, sauti safi. Ukishuka kidogo tu, kimya. Na romingi ilikuwa nayo, ya malipo ya kabla, na kifurushi chake cha Msumbiji, ilimradi simu zote mbili ziwe na laini ya mtandao huohuo. Basi nikaichagua, moja yangu na moja ya mjomba. Kichuguu kinapandika, nilijiambia, na wazee wana miguu.

Kumsajili mjomba ilikuwa kazi. Vidole vyake vimeshika jembe tangu utoto, kile kimashine cha alama za vidole kikamkataa kabisa. Dada wa mwavuli akamfuta kwa limau, akamfuta kwa kanga yangu, akamwambia, "Baba, hebu bonyeza na hiki." Kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichotuokoa. Tukawasha romingi palepale, tukajiunga na kifurushi, maana ukishavuka mto bila kuiwasha umekwisha. Mwisho dada akamwambia, "Laini hii ni mali yako, baba, ina jina lako. Usimpe mtu, wala usiipoteze." Mjomba akaitikia kwa heshima kama anayeapishwa.

Siku ikafika. Wageni walikuja asubuhi na gari la kukodi, Noah, fundi wangu naye akiwa ndani, shati jeupe, ananitafuta kwa macho. Hakuniona. Anayeposwa hatokei, anakaa chumbani na bibi yake, na akiulizwa jambo bibi ndiye anayemjibia. Nilikaa kitandani nimejifunika kanga mbili, nataka kulia na kucheka vyote pamoja. Kilichonichosha zaidi ni simu. Tangu alfajiri nilipopanda kichuguuni kuhakikisha mtandao upo, kila nikipanda inanipigia namba ndefu, ngeni, yenye tarakimu zisizo za kwetu. Siku hizi nani asiyewajua hawa matapeli? Mara umeshinda gari, mara mwanao amelazwa. Nikaikata. Ikapiga, nikaikata. Moja niliipokea, nikasema, "Mtafute mjinga mwingine!" nikakata kabla hajavuta pumzi.

Wageni wakasema yao, wakamaliza, ikabaki kungoja neno la mjomba. Mama akaingia chumbani. "Simu yako ina michoro ya kufungulia, hakuna anayeiweza. Toka." Nikatoka. Nikapita mbele ya wakwe zangu watarajiwa nimejitanda mpaka puani, nikapanda kichuguu, na wao nyuma yangu, wakakizunguka. Nikaweka spika, nikapiga namba ya mjomba. Ikaita. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke, nyororo, inatafuna kitu.

Alikuwa mke wa mjomba. Yuko Chinongwe, kwake, kwenye kibaraza.

Jamani! Watu wetu wanaovuka Ruvuma wana desturi yao tangu simu zianze: laini ya nyumbani huachwa nyumbani, kule unanunua ya kule, kwa sababu ya kwetu ng'ambo haina faida na itaangukia mtoni bure. Mjomba, mtu wa desturi, alifunga safari, akaichomoa ile laini tuliyoisugulia vidole kwa limau, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia sandukuni pamoja na kadi ya kupigia kura. Si aliambiwa asiipoteze? Mkewe alipoikuta na kifurushi kimejaa, akaona neema. "Inaongea tamu kweli hii," alituambia, na wazee wote wanasikia. "Lakini mwanangu, mbona umemtukana mjomba wako? Amenipigia kwa laini ya kule, amekasirika. Anasema anakutafuta tangu alfajiri na wewe unamkatia tu, na umemwita mjinga."

Mzee mkubwa wa Nachingwea akatazama saa, akatazama Noah. Mwenzake akaanza kujifunga vizuri msuli wake kiunoni, kama mtu anayejiandaa kunyanyuka kwa heshima na kwenda zake. Nikamwona fundi wangu amekauka. Posa yangu inaondoka, na nimeifukuza kwa kidole changu mwenyewe.

Simu ikaita. Namba ndefu. Nusura niidondoshe.

"Mjomba! Mjomba nisamehe, nilidhani tapeli!"

Nikasikia kicheko kile chake cha kifuani. "Tapeli ni mimi? Haya, wape wageni waseme."

Wakasema, mmoja mmoja, wakiinua shingo kuelekea kichuguuni. Mjomba akawasikiliza, akauliza ukoo, akauliza kazi, akauliza kama huyo kijana anaswali. Mimi nimesimama juu kama bendera. Nikangoja aseme neno lake, nishuke, nikajifiche. Badala yake akaniita.

"Mpwa wangu, uko hapo? Nakuuliza wewe. Huyu mtu unamtaka?"

Wazee wakatazamana. Bibi yangu, aliyetakiwa kunijibia, alikuwa mbali, kaegemea ukuta wa jiko. Nikasema kwenye kanga, "Ndiyo, mjomba."

"Sikusikii."

"Ndiyo."

"Mtandao mbaya huku! Sema kwa nguvu!"

Basi nikafunua uso. Nikajaza hewa kifuani, nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga tangu nizaliwe. "NAMTAKA, MJOMBA! NAMTAKA HUYUHUYU!" Majirani waliokuwa wanapalilia mikorosho wakanyooka. Kuku wakakimbia. Fundi wangu akawa anacheka na machozi yanamtoka, hajui ashike wapi. Aibu yote niliyofundwa iliishia pale, na furaha niliyoisikia siwezi kuwaeleza.

"Haya, nimeridhia," akasema mjomba, taratibu, na kila herufi ilitufikia safi kabisa. "Mtandao hauna shida. Nilikusikia tangu mwanzo. Nilitaka hao waliokuja wakusikie, wajue sisi hatukukusukuma."