Nehemiah Buya na Ng'ombe wa Hawo Dukicha

Inasemwa Garsen kwamba marehemu mume wangu, Nehemiah Buya, alikuwa na mwanamke wa Kiorma, na kwamba ng'ombe wa Nyumba ya Wagonjwa walitoka kwa mwanamke huyo. Wengi wa wasemao hivyo hawakuwa wamezaliwa. Mimi nilikuwepo. Mwanamke huyo ni Hawo Dukicha, mke wa Wario, naye alikuja Garsen kumnyang'anya mume wangu ng'ombe, si kumpa. Alilala nyumbani kwangu, katika kitanda cha binti yangu Sarah, na mlango niliufunga mimi.

Mume wangu alizaliwa Ngao, akasoma shule ya misheni, akapata kazi ya ukarani kivukoni Garsen. Hapo kivukoni ndipo alipowaona wagonjwa. Waliteremka na mto kutoka Nanighi na kwingineko wakienda hospitali, na mvua zikifunga njia walikwama kwetu, wakilala nje na homa zao. Mwaka 1954 yeye na wenzake wakaunda chama, wakajenga nyumba ya udongo na makuti ya kuwapokea. Nyumba ikawepo, chakula hakikuwepo.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Mkutano wa kuchangisha ulihitaji ruhusa, na ruhusa haikuja. Wenzake walitaka kupitisha kopo dukani na kivukoni. Nehemiah alikataa. Alisema senti za maskini zitakwisha kabla mgonjwa hajapona. Afadhali watu wachache wenye mali, kila mmoja atoe kitu kizima na ajue kinamfikia nani. Wala hakumwomba mtu asiyemzoea. Alikwenda, akaketi, akasikiliza habari za mifugo na malisho, akarudi bila kutaja haja. Nilimwambia anamaliza viatu bure.

"Mama Sarah," akanijibu, "mtu hampi mgeni ng'ombe. Humpa anayemjua."

Kwa Wario alikwenda hivyo hivyo, mpaka mzee mwenyewe akachoka. Nehemiah alinisimulia akicheka.

"Buya," Wario alimwambia, "kila mwezi wewe nakuja kunywa maziwa yangu. Wewe una haja, au una njaa?"

"Nina haja, mzee. Lakini njoo kwanza uione nyumba."

Wario akaja. Ndani alimkuta mzee wa ukoo wake, mguu umeoza, anakunywa uji mkavu usio na maziwa. Alitoka, akarudi kwake. Baada ya siku chache akaleta ng'ombe wawili wa kukamwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, alichagua walio bora. Habari zikaenea. Mwenye duka mmoja wa hapo Garsen, aliyekuwa akimzungusha mume wangu tangu kiangazi, akasema kama Wario ametoa, naye ataezeka nyumba yote kwa mabati. Hakuwa ameyaleta bado. Alikuwa akitazama.

Hapo ndipo Hawo alipofika. Nehemiah alikuwa Golbanti kwa shughuli za chama. Mwanamke alisimama mbele ya duka lile lile, akauliza kwa sauti, "Buya iko wapi?" Hakutaja sababu, na hasira yake kila mtu aliiona. Uvumi ulianzia hapo. Wakamwelekeza kwangu, wakabaki kuchungulia.

"Wewe ndiyo mke ya Buya?"

"Ndiye mimi. Karibu, dada."

"Mimi sikuja kukaa. Nataka ng'ombe yangu."

Nikamwambia ng'ombe walitolewa na mumewe mbele ya watu. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyevaa nguo kinyume.

"Wewe mwalimu? Wanasema mwalimu. Pembe ni ya Wario. Chuchu ni yangu! Mke ya mtoto wangu amezaa, maziwa hana. Yule ng'ombe mwekundu ndiyo alikuwa nalisha mtoto yake. Bwana yako aliuliza Wario. Mimi nani aliniuliza? Nyinyi watu ya ndizi, mnajua ng'ombe nyama tu."

Alisema kweli. Kwa Waorma mume ndiye mwenye kundi, lakini maziwa ni mamlaka ya mke: yeye hukama, yeye hugawa, yeye hujua nani alale na njaa. Nehemiah, mtoto wa wakulima, alimzoea Wario miezi mingi, akanywa maziwa kwa mkono wa Hawo kila safari, asimwulize mwenye maziwa.

Nilijua pia Hawo akimswaga ng'ombe yule kupita mbele ya duka, kazi imekwisha. Garsen nzima ingesema Buya amemwibia mwanamke. Mabati yasingekuja, na hakuna mwenye mali ambaye angempokea tena. Na ndani ya nyumba kulikuwa na kichanga cha Nanighi kilichofiwa na mama njiani, kinaishi kwa maziwa ya yule mwekundu.

Hata hivyo nilikwenda zizini, nikamfungua ng'ombe, nikampa Hawo kamba.

"Ni wako. Mchukue. Samahani hatukukuuliza."

Nadhani alikuja amejiandaa kwa ugomvi. Aliishika kamba, akasimama. Kisha akauliza, "Nani nakunywa?"

Nikampeleka. Nyanya wa kichanga alikuwa akikinywesha kwa kijiko. Hawo akamnyang'anya bakuli, akaonja, akatema chini.

"Mmetia maji! Maziwa yangu mmetia maji!"

"Wagonjwa ni wengi, mama," nyanya akasema.

"Mtoto huyu ni mgonjwa au ni samaki?"

Nyanya akacheka, nami nikacheka, na Hawo mwenyewe uso ukamlegea. Alirudi zizini, akamfunga ng'ombe, akaosha chombo, akamkama kwa mkono wake. Jioni hiyo kichanga kilishiba. Usiku wake, na uliofuata, alilala kwangu.

Nehemiah aliporudi alimkuta Hawo ameketi jikoni pangu. Alimwomba radhi kwa maneno mafupi, mbele yangu na mbele ya nyanya wa kichanga. Wakapatana hivi: mwekundu arudi kwa mkwe wa Hawo, yule mwingine abaki, na Hawo mwenyewe achague wa kuziba pengo. Siku ya kushukuru waliotoa, jina lake litajwe pamoja na la Wario. Alipita mbele ya duka na ng'ombe wake mchana, Nehemiah akitembea kando yake, akimsindikiza. Baada ya siku chache akaja ng'ombe mweusi, na Hawo ndiye aliyemleta. Mwenye duka alimwona vilevile. Mabati yakaja kabla ya masika.

Tangu hapo mume wangu hakuzungumza na mfugaji habari za ng'ombe wa maziwa kabla mimi sijaketi na mkewe. Kwa njia hiyo tulimpata Barwako, mke wa mfugaji mwingine, na baada yake wengine ambao nyumba ile isingesimama bila wao. Kazi ile ilifanywa mchana, na sisi wawili, na ndoa yetu ilikuwa ndani yake.

Wapo wanaoniuliza, wengine kwa adabu, Hawo na mimi tulizungumza nini siku zile mbili hata akakubali kuacha ng'ombe. Aliniambia mambo ya nyumba yake, nami nikamwambia ya yangu. Nehemiah aliniuliza mara moja, sikumwambia, na alikuwa mume wangu. Ninyi siwaambii.