Maji Chini ya Mafuta

Kuna Ijumaa moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu Kemunto, na kwa kuwa kesho unaanza kazi ya ufundi wa ndege, keti nikusimulie. Hiyo simu iweke kando kwanza.

Nilikuwa fundi wa ndege kubwa kule Nairobi, na alasiri ya siku hiyo baba yangu alikuwa azikwe hapa Gesima, kabla Sabato haijaingia jua linapotua. Mimi ndiye kifungua mimba. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Zamu yangu ilikuwa inaisha asubuhi, na binamu alikuwa ananingoja nje na gari.

Sasa sikiliza. Mafuta ya ndege hukaa ndani ya mabawa yenyewe, na pampu huyasukuma hadi kwenye injini. Lakini yakipungua, hewa huingia tangini, na hewa ina unyevu, na unyevu huo hugeuka maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hivyo huzama chini. Kule juu baridi ni kali ajabu. Maji yakiganda, barafu huweza kuziba njia na injini ikakosa mafuta. Ndiyo maana fundi hufungua vali ndogo chini ya bawa, akakinga mafuta kwenye chupa ya kioo na kuyatazama.

Nilikinga, nikaona matone ya maji yamelala chini ya chupa. Nikatoa mengine, nikakinga tena. Bado. Ikabidi kungoja tangi litulie ili maji yazame yote. Fundi wa kunipokea zamu alikuwa ameugua, na hapakuwa na mwingine. Binamu akapiga simu: "Kaka, tunachelewa! Si useme tu iko sawa?"

Na ningeweza kusema. Nani angekuja kuinama pale kuangalia? Mungu wangu, moyo uliniuma!

"Nenda," nikamwambia. "Mimi nitakuja nyuma."

Nilikinga tena na tena hadi mafuta yakatoka safi na ndege ikaruka. Nilifika Gesima jua limeshatua na baba ameshazikwa. Baba mdogo alikataa mkono wangu. "Umemwacha baba yako azikwe kama mtu asiye na mtoto, kwa sababu ya mafuta?"

Mama ndiye aliyeniuliza, "Wale watu wa ndege walifika?"

"Walifika, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akanishika mkono akanipeleka kaburini, nikatupa udongo wangu juu ya ule wa wengine. Nililia sana.

Mwanangu, kazi hii itakuhitaji hata siku ambayo moyo wako uko kwingine. Usiseme mafuta ni safi kabla hujayaona kwa macho yako, hata kama nyumba nzima itakukasirikia. Baba mdogo alikufa bila kunisamehe, na sitakudanganya, inaniuma mpaka leo. Lakini sijawahi kutamani kwamba ningesema uongo asubuhi ile.

Mungu akutie nguvu mikononi na machoni. Na wale watakaopanda ndege bila kulijua jina lako, awafikishe kwa mama zao.