Udongo Niliompelekea Dada Al Wakrah

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya simu moja. Dada yangu Mwanahawa aliyeko Qatar, mwenye mimba ya miezi saba, alimpigia mama na kusema presha imepanda tena. Mimba ya kwanza ilimtoka hivyohivyo, miaka miwili kabla, na sote tulijua anachokiogopa ingawa hakukitaja. Mama alikata simu, akaniambia, "Wewe ndiye huna mwajiri. Nenda."

Ni kweli sikuwa na mwajiri. Nilikuwa na riwaya isiyokwisha.

Asubuhi ya safari mama alinifungia mzigo: khanga mbili, mdalasini, na furushi la udongo wa kula, vile vijiti vya kahawia vilivyookwa vinavyonuka kama uwanja mkavu unaopata mvua ya kwanza. Udongo huo nilikuwa nikiununua sokoni mwenyewe tangu mimba ya dada ilipofika mwezi wa tatu, na kila niliposikia mtu anasafiri kwenda Doha nilimpa furushi. Dada alikuwa akisema kuwa bila udongo chakula hakipiti.

Saa tisa alasiri nilitua. Mwaka huo uwanja mpya wa ndege ulikuwa umefunguliwa juzijuzi na bado ulinuka rangi. Kwenye ukaguzi kijana mmoja wa forodha alifungua furushi, akanyanyua kijiti kati ya vidole viwili.

"Hiki nini?" aliuliza kwa Kiarabu.

Nilitafuta Kiarabu changu cha madrasa. "Turab," nikasema. Udongo.

"Wa nini?"

"Wa kula. Dada yangu ana mimba."

Alinitazama, akatazama kijiti, kisha akageuka kuitazama Doha nyuma ya vioo, bahari ya vumbi na winchi za ujenzi hadi upeo wa macho. "Umebeba udongo kuleta Qatar?" Alimwita mwenzake aje wacheke wote. Nami nikacheka. Akanirudishia furushi. Nilipotoka nje, joto liliifunika miwani yangu kwa ukungu, na hatua za kwanza katika nchi ile nilitembea kama kipofu.

Al Wakrah, mji anakoishi dada kusini mwa Doha, tulifika jua likizama. Shemeji Hamisi, ambaye ni dereva, aliendesha huku akinieleza nadharia yake ya presha: ni achari. "Dada yako anakula achari ya ndimu kwa kijiko, shemeji. Chumvi tupu ile." Dada alikuwa mlangoni, miguu imevimba kama mikate. Alinikumbatia, akashika begi langu.

"Umeuleta?"

"Hata salamu, dada?"

"Salamu zipo, haziozi." Alifungua fundo, akavunja kijiti, akafumba macho akitafuna. Sijawahi kuona mtu akirudi nyumbani haraka kiasi kile.

Siku zilizofuata niliishi na kile kipimo cha presha. Dada alifunga kitambaa mkononi asubuhi na jioni, mashine ikanguruma, nasi tukangoja namba. Mia na hamsini. Mia na arobaini na tano. Mia na sitini. Hamisi alilaumu achari. Dada alilaumu vumbi la ujenzi linaloingia hata madirisha yakifungwa. Jirani wa Zanzibar alilaumu kiyoyozi, halafu jicho la mtu. Daktari alisema apumzike. Mimi niliandika washukiwa wote kwenye daftari kama mtunzi anayemtafuta mwovu wa hadithi, na kila jioni nilizidi kutoelewa. Siku aliyokula achari presha ilishuka. Siku ya mawingu ya vumbi ilishuka pia. Siku aliyolala mchana kutwa ilipanda.

Ijumaa Hamisi alitupeleka Mesaimeer, kwenye makanisa, kumngoja Wanjiru. Huyu ni muuguzi Mkenya anayeishi Al Rayyan, aliyewahi kufanya kazi na dada hotelini kabla hajapata nafasi yake ya uuguzi. Alitoka ibadani, maana huko hata Wakristo husali Ijumaa, na gauni la njano, akaingia kiti cha nyuma, akaegemeza uso kwenye upepo wa kiyoyozi.

"Haya mama mtoto, niambie. Unakula nini?"

Dada alitaja wali, samaki, tende. Kisha, bila kufikiri, akatoa kijiti mkobani na kukivunja.

"Na hiyo?"

"Udongo."

"Ah, sisi tunaita odowa! Nikiwa na mimba ya Kevo nilimaliza mlima nusu." Alicheka, kisha kicheko kikakatika katikati. "Daktari wako anajua?"

Dada alitazama nje. "Nimwambie nini? Aseme tunakula uchafu?"

Wanjiru alijisogeza mbele kati ya viti. Halafu akatusimulia kitu ambacho sikukitegemea ndani ya gari Mesaimeer. Kazini walikuwa wamefundishwa na daktari mgeni kuhusu watu wa kaskazini kabisa, Wainuit, wanaoishi kwenye barafu. "Hawana kiwanda hata moja. Hukula sili na nyangumi, chakula ya babu zao. Lakini zebaki na sumu zingine za viwanda vya mbali zinabebwa na upepo na bahari, zinaingia kwa samaki, kwa nyama, mwisho kwa damu yao. Na presha ya wengine inapanda."

"Kwa sababu ya sumu?" niliuliza.

"Hapo ndipo nilichanganyikiwa. Sumu ingine inaonekana inapandisha, ingine haieleweki. Na ile nyama pia iko na mafuta mazuri ya moyo. Sasa utawaambia waache kula? Wakule nini, soda?"

"Mimi si mtu wa barafu," dada alisema kwa ukali. "Mama alikula. Bibi alikula. Mimi nikazaliwa."

"Sijasema ni udongo, Mwana. Nasema udongo pia huwa na risasi saa zingine, hiyo madini, na risasi haipatani na presha. Sijui kama ni hiyo. Lakini mwonyeshe daktari. Aki, mtoto huyu usimfiche kwa aibu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikihesabu mafurushi. Yangu yalikuwa matano.

Jumapili, kliniki. Dada aliweka kijiti mezani mbele ya daktari kama anayekabidhi silaha. Daktari alikinusa, akaandika kipimo kingine cha damu. Majibu yalipokuja alisema risasi ipo, zaidi ya ambavyo angependa. Je, ndiyo iliyopandisha presha? Alinyanyua mabega. "Labda kidogo. Labda siyo. Aache, ameze dawa, arudi kila baada ya siku mbili."

Aliacha. Alilia siku tatu, akitafuna barafu badala yake. Presha ilishuka, tukashangilia. Ikapanda tena. Wiki ya tano tangu nifike madaktari walimpasua kabla ya siku zake. Nilisimama kwenye korido baridi nikilitaja jina la Mungu bila kujua niombe nini zaidi, hadi Hamisi akatoka akilia na kucheka kwa pamoja. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate wa boflo, sauti kubwa. Dada alikuwa mzima.

Nilirudi nyumbani mwezi uliofuata na nusu ya furushi ndani ya begi, kwa kuwa sikujua pa kulitupa. Mama alinipokea na khanga nyingine iliyofungwa fundo, udongo ndani.

"Nilijua atakuwa ameishiwa. Nani anakwenda Doha wiki hii?"

Nilimkalisha, nikamweleza yote: Wanjiru, watu wa barafu, kipimo cha damu, mabega ya daktari. Alisikiliza huku mkono ukiwa juu ya fundo.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijui, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nikinunua. Na madaktari nao hawajui."

Nilikwenda mbali kutafuta jibu, nikarudi na swali ambalo yule kijana wa forodha aliniuliza siku ya kwanza, nami nikalicheka. Tulikuwa tumempenda dada kwa miezi mingi bila kuuliza kilichomo ndani ya fundo.

Mama alilifungua polepole. Alinyanyua kijiti kati ya vidole viwili, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekiona mara ya kwanza.

"Hivi," akauliza, "hiki ni nini hasa?"