Sari ya Kuvaa Dwarka

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mwaka uliofuata Kombe la Dunia hapa Durban, magoti yangu yakiwa bado yananitii. Nilikuwa Dwarka, mji wa mahekalu kando ya bahari, kule Gujarat, India. Usicheke. Mimi wa Uvira nilifika huko nikimsindikiza Ba, bibi wa Kihindi niliyekuwa nikimtunza mtaa wa Overport, hapa Durban. Ba alizaliwa Mwanza akaolewa Durban, na Kiswahili chake ndicho kilichonipatia ile kazi.

Dwarka ulikuwa mji wa mama yake. Mama huyo alikufa bila kuuona tena, akamwachia binti yake sari nyekundu ya hariri, ya kuvaa siku ya kuingia hekaluni. Ba aliitunza kabatini tangu ujana wake. Watoto wakaoa, wajukuu wakazaliwa, hakuivaa. Kila akiulizwa alisema hiyo ni ya Dwarka.

Basi asubuhi hiyo, kengele za hekalu zikilia, tukaikunjua. Hariri ikapasuka kwenye mikunjo, yenyewe, mikononi mwetu. Ba akaketi kitandani akalia kama mtoto.

"Pole, Ba. Iko namna ya kushona," nikamwambia.

"Acha, Sifa. Imeningoja mpaka imechoka." Akajifuta machozi, akanikazia macho. "Na zile sahani zako je?"

Sahani zangu za maua, nilizonunua soko la Warwick kwa ajili ya nyumba nitakayojenga Uvira, zilikuwa ndani ya katoni chini ya kitanda changu huku Durban. Mimi nilikula kwenye bakuli la plastiki. Hata pazia sikutundika, maana nilijiona mtu wa kuondoka kesho.

Ba akaingia hekaluni na sari yake ya pamba, ile ya jikoni. Nilimngoja kwenye ngazi na viatu vyake, nikitazama bahari, nikaililia Uvira.

Tuliporudi Durban nilifungua katoni. Nikapika ugali na sombe, yale majani ya muhogo, bila samaki maana Ba hali samaki, nikampakulia kwenye sahani za maua.

Sasa wewe, mwanangu, nimeliona sanduku lako, bado liko nyuma ya mlango. Itamani Uvira. Mimi naitamani hata leo, na haijapungua. Lakini toa nguo zako, tundika pazia, kula kwenye sahani nzuri. Mungu akurudishe nyumbani siku moja, na siku hiyo ikukute umeshiba.